Boksi la I

Mpangaji mpya anaingia Jumatatu na makava yake ya simu.
Kufuli limeshikwa na kutu, nalipigapiga kwa kiatu,
mlango wa bati unalia Mtaa wa Mchikichi wote usikie.
Ndani ni joto, harufu ya plastiki iliyochoka,
na maboksi ya viatu, ubavuni mwa kila moja
herufi moja ya kalamu nene, mwandiko wa baba,
Kondo Mwinshehe, fundi wa kurekodi kanda.

Baba hakujua Kiingereza. Alijua herufi.
Mteja alikuja na kikaratasi: harusi ya Temeke, mchumba wa Upanga,
nyimbo sita upande huu, sita upande ule,
naye alisoma kila jina kichwa chake tu,
kama bawabu anayetazama kofia
asiulize mwenye kofia anaitwa nani.
Akaenda rafu, akachomoa. Hakukosea.

X lina misumari. Q lina risiti za umeme.
T ni maboksi manne, yamekazwa kwa mpira wa baiskeli.
Nilipoanza kidato cha kwanza nilimweleza:
baba, hilo neno la mbele ni pambo, halihesabiwi,
liruke, tazama la pili.
Akapuliza vumbi kwenye hedi ya redio.
"Halina maana, na bado limekaa mbele?
Basi huyo ni mwenyekiti. Mwache."

Leo nimekaa sakafuni na boksi la I.
Kumbe ndilo zito kuliko yote.
Nasoma majina, nayatafsiri kwa sauti ndogo:
huyu atasubiri, huyu hakusubiri,
huyu aliona kitu dirishani,
huyu anaapa hatapenda tena
(na kanda yake imechakaa kwa kuchezwa).
Wote wameanza na mimi. Mimi, mimi, mimi,
foleni ya watu wasiojuana,
kila mmoja wima, mwembamba kama nguzo ya umeme,
na nafasi tupu huku na huku.
Wenyewe huitamka ai,
mlio tunaoutoa sisi
tukishika sufuria bila kitambaa.

Kwetu mimi haisimami hivyo.
Ni kijisilabi, kinapanda kitenzi mgongoni kama mtoto:
nitasubiri, nimechoka, nakupenda.
Mimi na wewe na kupenda, neno moja,
hapapiti hata wembe.
Nyimbo zetu zingepangwa kwa mtindo huu
boksi la N lingepasua ukuta,
na waliokana mapenzi wote wangehamia S.
Nacheka peke yangu.
Hilo angelipenda. Angeniuliza mwenyekiti wetu ni nani.

Chini kabisa, kanda isiyo na jina. I tu.
Natia betri nne kwenye redio ya kaunta, nabonyeza.
Mvumo. Kikohozi.
Halafu yeye, kijana kuliko mimi nilivyo sasa:
"Moja, mbili. Moja. Zamda, sogeza hiyo feni. Moja."
Zamda ni mama, kabla hajawa mama wa mtu.
Nje muuza kahawa anagonga vikombe.
Mtu anauliza bei, baba anasema haipungui,
mtu anaondoka, baba anamwita: njoo, njoo basi.

Si I hii. Ni namba.
Kanda ya kwanza, ya kupimia mashine,
imelala kwa wageni miaka yote kwa kufanana umbo,
na yeye asiyekosea ndiye aliyeiweka,
au aliiweka akijua. Sina wa kumuuliza.

Simu inaita. Mpangaji.
Anataka kujua kama rafu zinabaki.
Zinabaki, namwambia. Maboksi nitayatoa Jumapili,
nipe mpaka Jumapili.
Ananyamaza kidogo.
"Uko na fundi hapo, dada?
Maana namsikia mtu anahesabu."